Nani Aliigusa Mwisho

Baba yangu alikuwa na mguu mmoja na gari moja, na kwa miaka kumi na kitu viwili hivyo viliishi kwa kupatana. Mguu wa kushoto aliuacha upande wa Kitui, kwenye kisima kirefu alichokuwa akisimamia kuchimbwa, siku mnyororo wa mtambo ulipokatika. Watu wa kwetu, kwenye milima ya Mukuyuni, hawamwonei mtu haya kwa methali. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema, na baba akaisema kwa sauti kuliko wote. Fidia yake ilipotoka alinunua gari la Kijerumani kutoka kwa daktari wa mifugo, Mzungu, aliyekuwa akirudi kwao. Alilichagua kwa sababu moja tu: halikuwa na klachi. Gia zilijibadilisha zenyewe, pedali zilikuwa mbili, na mguu wa kulia ulizitosha.

Gari hilo halikuwa na kabureta pia. Lilikuwa la zile injeksheni za mwanzo mwanzo. Petroli ilirushwa ndani ya injini na nozeli nne, zikiamrishwa na kisanduku cha umeme kilichofichwa chini ya kiti. Kisanduku kilijua kiasi cha petroli ya kutoa kwa kuiuliza sensa moja, nayo sensa ilipima mvuto wa hewa ndani ya injini kupitia mpira mwembamba uliopita nyuma kabisa, karibu na ukuta wa dashibodi. Nilikuwa mwalimu wa fizikia na siwezi kuacha mtu atoke darasani bila kuelewa, kwa hiyo mpira huo mwembamba tafadhali ukumbukeni.

Mwaka huo, katikati ya miaka ya themanini, nilikuwa nafundisha Nuu, mbali sana na nyumbani. Nilifika kwa likizo ya Agosti nikiwa na vumbi hadi kwenye meno. Baba alinipokea stendi ya Mukuyuni, na nililisikia gari kabla sijaliona. Injini ilikuwa ikiruka na kushuka, ikiruka na kushuka, na nyuma yake moshi mweusi ukiwafukuza wauza ndizi.

"Mwaitu, umekonda," alisema. Mwaitu ni "mama yangu" kwa Kikamba. Mimi nimebeba jina la mama yake, na ndivyo Mkamba amwitavyo binti wa namna hiyo. Mzee mzima anamwita mtoto wake mama, na hakuna anayecheka.

"Na gari limefanya nini?" nikamuuliza.

"Gari haina kitu. Ni joto tu."

Haikuwa joto tu. Kaka yangu mkubwa, karani huko mjini, alikuwa amelisikia mwezi uliotangulia, na alikwisha kuamua kama kawaida yake, bila kumuuliza mtu. Kulikuwa na fundi pale Salama, kwenye njia panda ya barabara kuu, anayesifika kwa magari ya abiria. Kaka alinipeleka kwake siku ya tatu baada ya mimi kufika, ili nisikie mwenyewe na niache ubishi.

Fundi alifungua boneti, akatazama zile waya na mabomba, akaifunga tena kwa heshima, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mtu.

"Madam, mimi nitakwambia ukweli," alisema. "Hii injeksheni imesumbua kila mtu. Spea hakuna, na hata ikiwa iko, hakuna mtu anajua inakaa wapi. Tunatoa engine yote na giaboksi, tunaweka ya pikapu. Kabureta safi. Hata wewe utaitengeneza na bisibisi."

"Giaboksi ya pikapu ina klachi," nikamwambia.

"Lazima iwe na klachi, madam. Kwani itabadilishaje gia?"

"Na mzee ana mguu mmoja."

Fundi akamtazama kaka. Kaka akatazama barabara. "Atapata dereva," akasema kaka.

Hapo nilikasirika, na sioni haya kusema hivyo. Mama alipofariki miaka miwili kabla ya hapo, baba alikaa kitako. Alikaa kwenye kiti cha kamba nje ya nyumba, kuanzia asubuhi hadi giza, miezi mitatu, akiwa amelaza magongo yake chini kama mtu asiyetarajia kuyahitaji. Siku aliyonyanyuka ni siku aliyoamua kwenda mwenyewe kutazama mizinga yake ya nyuki kule tambarare. Alijiburuta hadi kwenye gari, akaliwasha, akaenda. Tangu hapo akawa mtu tena: kanisani Jumapili, sokoni siku ya soko, mizingani siku atakayo. Kumpa dereva kungemfanya mtu wa kusubiri dereva. Nilikwisha kumwona akikaa, na sikutaka kumwona akikaa tena.

"Mnipe hadi shule zifunguliwe," nikamwambia kaka. "Nisipoiona shida ya hii gari, njoo uichukue na nitakusaidia kuisukuma."

"Wewe unajua magari?"

"Ninajua kuuliza maswali."

Na swali la kwanza, ambalo fundi yeyote mwenye akili huanza nalo, nililiuliza jioni hiyo hiyo tukila githeri. Nani aliigusa injini mwisho? Kwa maana gari halijiharibu hivi hivi. Mara nyingi huharibika pale mtu alipolitengeneza.

"Hakuna," baba alisema. "Tangu yule daktari aondoke ni mimi humwaga oili na kubadilisha plagi. Kule ndani kwingine hajaingia mtu."

"Na wewe?"

"Mwaitu, mimi nina wazimu? Nichezee kitu cha umeme?" Akatafuna kidogo, kisha akauliza, "Shule zinafunguliwa lini?"

Nilimwambia. Kabla ya kulala aliniuliza tena, nikamwambia tena. Nilidhani hataki niondoke.

Basi nikaanza. Nilikuwa na kitabu cha gari, ingawa mchwa walikuwa wamekula kurasa za katikati, na nilikuwa na mita ya umeme ya maabara, ambayo mwalimu mkuu wa sekondari ya pale kwetu aliniazima huku akiitazama mikono yangu kama mtu anayemkopesha jirani jogoo. Baba alikaa pembeni juu ya debe, akiwa na magongo yake, akinipa spana na kunikosoa.

Nilichojua ni hiki: asubuhi, injini ikiwa baridi, iliimba. Tukienda mwendo wa nusu saa, ikishashika joto, inaanza kumisi, inarukaruka, inatoa moshi mweusi na kunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Kwenye mlima inakata kabisa. Ukiiacha ipoe, inaimba tena. Nilitoa plagi zikiwa moto. Zilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Maana yake petroli ilikuwa nyingi mno. Kuna kitu kilikuwa kikikidanganya kile kisanduku kwamba injini ina njaa.

Wiki ya kwanza nilishuku petroli yenyewe, maana baba alinunua nyingine ya kwenye pipa. Nikamwaga tangi lote, nikalichuja, nikabadilisha filta. Hakuna tofauti. Wiki ya pili nikazitoa nozeli zote nne, nikaziingiza kwenye chupa nne za jemu, baba akazungusha injini kwa ufunguo. Zilijaza chupa sawasawa, kiasi kwamba nilitamani wanafunzi wangu waone. Nikasafisha pointi. Nikaitoa sensa ya joto, nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka na kuipima kwa mita. Ilishuka vizuri kama inavyotakiwa. Ule mpira mwembamba wa nyuma niliupapasa mara mbili, asubuhi zote mbili, injini ikiwa baridi. Ulikuwa mgumu, hauna ufa. Sikuweza kuuona vizuri, kwa jinsi ulivyojificha, lakini vidole viliniambia uko sawa, nikaviamini.

Wakati huo wote tulisumbuliwa na nyuki. Kila tuliporudi kutoka majaribioni na kufungua boneti, baada ya dakika chache walikuja, kumi, ishirini, wakizungukazunguka juu ya injini moto. Mtu wa kwetu hashangai kuona nyuki mwezi wa nane. Mito imekauka, na nyuki hufuata maji popote yalipo, kwenye mtungi, kwenye nguo iliyoanikwa, kwenye pua ya ng'ombe. Baba alisema wanafuata maji ya rejeta, ambayo ilikuwa ikitonesha kidogo. Alikuwa amefuga nyuki maisha yake yote. Nani angembishia?

Mizinga yake ilikuwa zaidi ya thelathini, magogo ya kuchongwa yaliyoning'inizwa mitini. Alijifunza kwa babu, ambaye alikuwa mkali wa nta. Mtoto aliyemwaga nta au kuiweka mahali pasipostahili alipata kofi. Tangu apoteze mguu baba hakupanda miti, alilipa watu wampandie, lakini kuziba ncha za mizinga hakumwachia mtu. Aliviringisha uzi wa katani, akapaka nta aliyoichanganya na masizi ili iwe nyeusi na ishike, kisha kabla haijakauka akachora alama kwa ukucha wa kidole gumba: mistari mitatu, na mmoja ukiikata. Ndiyo alama ya mizinga yetu. Mwizi wa asali anaweza kukana yote, lakini hakani alama.

Siku tano kabla ya shule kufunguliwa nilikuwa nimebaki na hasira tupu. Baba alikuwa ameutia ufunguo wa gari kwenye kopo la chumvi na tukautafuta asubuhi nzima. Nilicheka, nikasema uzee huo, na yeye akacheka, kidogo. Jioni kaka akatuma salamu kwa mtu wa basi: Jumamosi anakuja na fundi na kamba ya kuvutia. Sikulala vizuri. Sikuwa na kitu cha kupima kilichobaki, na nilimwonea huruma baba kwa namna alivyoniamini.

Alhamisi tuliliendesha hadi chini ya mlima na kurudi kwa shida, likikohoa na kufuka. Nikafungua boneti. Nyuki wakaja. Nikawachoka kabisa. Nikaenda ndani nikatoa karai, nikalijaza maji, nikaweka vijiti vya kusimamia, nikaliweka hatua kumi kutoka kwenye gari. "Haya, kunyweni hapo mniachie injini," nikawaambia. Nikafuta rejeta ikakauka, nikaifunga kitambaa.

Wengi walihamia karaini. Lakini si wote. Nyuki kama kumi walibaki kwenye injini, tena hawakuwa karibu na rejeta. Walikuwa nyuma kabisa, karibu na ukuta wa dashibodi, wakiingia gizani na kutoka, wakiingia na kutoka.

Nilisimama pale nikilitazama karai. Maji yako kule. Hawa wanataka nini huku? Kila mtoto wa shule anaijua methali ya fuata nyuki ule asali, mimi mwenyewe niliinakili kwenye ubao wa darasa la insha wakati mwalimu wa Kiswahili alipougua, na kwa wiki tatu nyuki walikuwa wakinipigia kelele nami nikiwapunga kwa kitambaa.

Nikaviringisha kanga mkononi, nikaupenyeza mkono kule nyuma, injini ikiwa bado moto. Nyuki mmoja alinidunga kwenye kifundo na sikuutoa mkono. Nikaushika ule mpira mwembamba, ambao asubuhi mbili ulikuwa mgumu. Kidole kilizama. Ulikuwa umelainika kama ugali, na katikati ya ulaini huo nilihisi ufa mrefu, kana kwamba bado unanyonya hewa.

Nikauchomoa, nikauleta kwenye mwanga. Karibu na ncha mpira ulikuwa umepasuka. Mtu alikuwa ameuzungushia uzi wa katani, akauziba kwa nta yenye masizi, nyeusi sawa na mpira wenyewe. Ikiwa baridi iliziba vizuri ajabu. Ikishika joto iliyeyuka, ufa ukafunguka, hewa ikaingia, sensa ikasoma uongo, na kisanduku maskini kikamwaga petroli. Na juu ya nta, iliyoanza kupotea kwa kuyeyuka lakini bado inasomeka, kulikuwa na mistari mitatu, na mmoja ukiikata.

Nilifurahi kwanza. Nilipiga kelele kama mtu aliyeokoka. "Baba! Nimeipata! Tazama!"

Alikuja na magongo yake. Akaushika ule mpira, akaugeuza, akainusa nta, akapitisha kidole gumba juu ya alama. Kikakaa sawasawa.

"Hii ni alama yetu," alisema.

"Ndiyo."

"Ni nani ameiweka hapa?"

Nilidhani anatania. Nikamtazama nikitafuta lile tabasamu lake la upande mmoja, na halikuwapo. Alikuwa akikitazama kidole chake, kisha alama, kisha kidole, na usoni mwake kulikuwa na woga ambao sikuwahi kuuona, hata siku ile walipomleta hospitalini kutoka kisimani. Na hapo nilivikumbuka vyote kwa pamoja: shule zinafunguliwa lini, kopo la chumvi, jinsi alivyokuwa akimwita mbwa wetu kwa jina la mbwa aliyekufa zamani. Nilikuwa nimeuliza nani aliigusa mwisho, na alinijibu kwa moyo safi. Hakunidanganya, jibu la kweli hakuwa nalo tu.

"Ni mimi, Baba," nikasema. "Nilipokuja Pasaka. Nilisahau kukwambia."

Pasaka sikuja. Nilikuwa Nuu nikisahihisha mitihani.

Alinyooka. Woga ukamtoka kama maji, na badala yake ikaja hasira nzuri, yenye afya. "Mwalimu mzima!" alinifokea. "Umesomeshwa mpaka wapi, halafu unatia nta kwa injini? Nta haikai na moto! Hata mtoto anajua! Babu yako angekuchapa kofi."

"Nimekosa, Baba."

"Tena unaichora na alama yangu!"

"Nimekosa."

Mpira ulikuwa na urefu wa ziada. Nikaukata ile ncha mbovu, vidole vinne hivi, nikaurudisha uliobaki na kuukaza kwa kamba ya chuma. Kile kipande cha nta nikakitia mfukoni. Tuliwasha gari tukaliacha lingurume saa nzima juani, na halikuruka hata mara moja. Baba aliimba wimbo wa kanisani, sauti ya tatu, akipiga debe kwa gongo.

Jumamosi kaka alifika na fundi wa Salama na kamba yao. Baba aliwaambia waingie nyuma. Nilikaa mbele, kando yake. Akatupeleka hadi Salama na kugeuza, na kuupanda mlima wote wa kurudi bila kukohoa, huku fundi akiwa ameinamisha kichwa akisikiliza.

"Madam, ulibadilisha nini?" aliniuliza tuliposhuka.

"Niliondoa kitu," nikamwambia. "Sikuongeza chochote."

Kaka alinipa mkono, jambo ambalo si kawaida yake. Alisema sasa mzee yuko sawa. Sikumwambia siku hiyo kwamba pale Salama kwenye njia panda baba alisimamisha gari, akangoja, na mimi nikanyoosha kidole kushoto kwa siri chini ya dashibodi. Nilimwambia baadaye, tukiwa wawili, na alilia. Sikutarajia alie.

Nilirudi Nuu nikaandika barua ya uhamisho. Ilichukua miezi mingi, lakini mimi ni mtu wa kuandika barua nyingine. Mwaka uliofuata nilikuwa nafundisha umbali wa kutembea kutoka nyumbani, na baba hakuwahi tena kutoka na gari peke yake. Hakuambiwa asitoke. Ilitokea tu kwamba kila alipotaka kwenda, na mimi nilikuwa na shughuli huko huko.

Kile kipande cha mpira nilikiweka kwenye rafu ya sebuleni, karibu na redio. Kila baada ya majuma machache alikiona, akakichukua, akakumbuka kosa langu, na kunigombeza upya. Nta haikai na moto. Mwalimu mzima. Wageni walicheka, nami nilikiri mbele yao. Nilikiri kosa hilo kwa miaka minne, na nilikuja kulipenda, kwa sababu kila aliponigombeza nilijua bado yuko.

Kisha mchana mmoja, mvua za Novemba zikiwa zimeanza, nilimkuta sebuleni ameshika kile kipande kwa mikono miwili. Nikasubiri kugombezwa. Hakunigombeza. Alitazama mlangoni kuhakikisha hakuna mtu, akanivuta karibu kwa mkono wa blauzi.

"Mwaitu," alininong'oneza, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu neno hilo halikuwa jina langu. "Ni mimi niliitia nta. Usimwambie baba."

Nilimwambia sitamwambia. Nilikaa naye hadi akalala kwenye kiti, kisha nikatoka nje kwenye manyunyu, nikachomoa ufunguo kwenye gari, nikauvaa shingoni kwa uzi.